“Badilisha Fonti Tu”: Dhana Potofu Kuhusu Kigiriki cha Kale kwenye Kompyuta

Mtu wa Lamu ana sababu ya kukijali Kigiriki cha kale. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara ambaye jina lake halijulikani aliiandika pwani hii kwa Kigiriki katika Periplus ya Bahari ya Erythraea. Aliiita Azania. Alitaja visiwa vya Pyralaae, ambavyo wataalamu kadhaa wanavihusisha na visiwa vyetu vya Lamu, kisha akafika Rhapta, mji uliopata jina kutokana na vyombo vyake vya kushonwa, jamaa wa mitepe ya mababu zetu. Nukuu zake zimo katika maandishi ya walimu wa historia na watafiti wa mambo ya kale. Wanafunzi wa theolojia nao wana za kwao, za Agano Jipya. Nyingi zilichapwa kwa fonti za zamani, na leo ukichomeka flashi na kufungua faili, penye Kigiriki unakuta msongamano wa herufi za Kilatini, mabano na mikwaju. Aliye karibu atakwambia, “Mwalimu, badilisha fonti tu.”

Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, nao ndio unaoharibu hati nyingi. Anayeutoa anaamini kwamba Kigiriki kimo ndani ya faili na kimekosa sura tu. Ukweli ni kwamba hakikuwamo tangu mwanzo. Fonti nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na nafasi 256 tu, kwa hiyo watengenezaji wake waliichukua nafasi ya a ya Kilatini wakachora alfa juu yake. Faili lilihifadhi 97, ambayo ni kodi ya a, yaani nambari ambayo kompyuta huitambulia herufi hiyo. Fonti ile ikikosekana, a inajitokeza. Ukiweka fonti ya kisasa yenye Kigiriki kamili, bado utaona a, kwa sababu kwenye fonti hiyo alfa ina mahali pake penyewe, 03B1 katika yunikodi, mfumo wa kimataifa unaozipa herufi za lugha zote kodi zao. Kinachotakiwa kubadilishwa ni kodi zilizo chini ya herufi, na kazi hiyo ndiyo ya makro, programu ndogo inayoendeshwa ndani ya Microsoft Word.

Tuchukue jina la Rhapta, Ῥάπτα. Katika Beta Code, mfumo wa kuandika Kigiriki kwa herufi na alama za kawaida za kibodi, uliobuniwa na David W. Packard mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupokewa mwaka 1981 na mradi wa Thesaurus Linguae Graecae wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, jina hilo huandikwa *(RA/PTA. Kinyota kinasema herufi inayofuata ni kubwa. Bano la kufungua ni pumzi nzito, alama ya sauti ya h mwanzoni mwa neno, na mkwaju ni alama ya mkazo. Tazama mpangilio wake: kwa herufi kubwa, alama ya pumzi inatangulia herufi, kwa herufi ndogo, alama inaifuata. Makro isiyojua hilo italipachika bano kwenye herufi isiyo yake, na jina litaharibika bila onyo lolote kutokea kwenye skrini.

Wengine hupata makro kwa rafiki, ikafanya kazi kwenye hati moja, wakaamini itafaa kwa zote. Haiwezekani, kwani kila fonti ilijipangia nafasi zake. Sigma, yaani s ya Kigiriki, ina umbo la pekee mwishoni mwa neno, nayo peke yake inatosha kuonyesha. Katika SPIonic ilikaa kwenye j. Katika SuperGreek ilikaa kwenye alama ya kunukuu. Katika Beta Code ni S ile ile ya katikati ya neno, na makro ndiyo inayopaswa kutambua kwamba neno limeisha ili iweke ς badala ya σ. Hapo tena pana mtego: neno lililokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari halijaisha, ingawa linaonekana limeisha. Nayo ile sigma ya SuperGreek ina adui wa pekee, maana Word hupenda kuzigeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda. Ikishafanya hivyo, kodi imebadilika na jedwali la makro halimjui tena yule sigma. Kwa hiyo kabla ya yote uliza hati ilichapwa kwa fonti gani, na uzime masahihisho ya moja kwa moja.

“Kwani si Tafuta na Badilisha tu?” Ni hiyo, lakini kwa utaratibu. Mifuatano mirefu hutangulia. A)/| inageuzwa kuwa ᾄ kwanza, ndipo A)/ iwe ἄ, kisha A) iwe ἀ, na A tupu mwisho kabisa. Ukianza na A tupu, alama zote zilizobaki zitaning’inia peke yake. La pili ni mipaka. Hati zetu huchanganya Kiswahili na Kigiriki katika sentensi moja, na makro isiyoambiwa ifanye kazi penye fonti ya Kigiriki pekee itakigeuza na Kiswahili. Neno bahari litatoka βαηαρι. Nimekutana na ukurasa mzima wa maelezo mazuri ya mwalimu uliogeuzwa hivyo, ukahifadhiwa juu ya nakala ya asili. Fanya kazi kwenye nakala, daima.

Kuna wanaosema zile alama za juu ni mapambo, zikipotea maana inabaki. Hili linanisumbua kuliko mengine. Ὄρος kwa pumzi laini ni mlima. Ὅρος kwa pumzi nzito ni mpaka. Katika maandishi ya kueleza nchi na pwani, alama hiyo moja ndogo inaamua kama msomaji anautazama mlima au anafika mwisho wa nchi. Tena Periplus imetufikia kwa njia nyembamba sana: hati moja ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg, na nyingine iliyoko London ambayo ni nakala ya hiyo. Wanakili wa zamani waliacha makosa yao, na wataalamu bado wanabishana juu ya majina ya mahali petu. Hatuna haki ya kuyaongeza makosa hayo kwa uvivu wa kompyuta.

Sasa tuje kwa lalamiko la “makro imekwisha lakini haikubadilisha kitu”. Mara nyingi makro ni nzima. Fonti nyingi za zamani zilitambulishwa kama fonti za ishara, na herufi zake Word huzihamishia eneo la kodi F020 hadi F0FF. Wewe unaiona alfa, makro inatafuta 61 (ile ile 97, ikiandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16 kama kodi za yunikodi), ilhali iliyomo ni F061. Ukiiuliza VBA, lugha ya makro za Word, kodi hiyo kwa amri ya AscW itakujibu -3999, na asiyejua atadhani faili limeharibika. Nambari ni sahihi, imepita tu kikomo cha 32767 na kuhesabiwa upande wa hasi. Ongeza 65536 utapata 61537, ambayo ndiyo F061. Zilizoingizwa kwa menyu ya ishara ni ngumu zaidi, kwani huenda zote zikajibu 40, kodi ya bano. Tanbihi nazo husahaulika. Makro inayoshughulikia matini kuu haizigusi, na nukuu za Kigiriki hupenda kukaa humo humo. Lazima iambiwe ipitie StoryRanges zote, yaani sehemu zote za hati, tanbihi zikiwemo.

Hofu ya kwamba makro ni virusi ina asili yake, maana virusi vingi vimesafiri kwa njia hiyo, na tangu 2022 Microsoft huzizuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Dawa ni kuisoma kabla ya kuiendesha. Makro ya kazi hii ni jedwali refu la ChrW tu, amri inayoigeuza kodi kuwa herufi, kama ChrW(&H1FEC) kwa Ῥ; ukiona inapakua kitu au kufungua programu nyingine, iache.

Je, ukishafika yunikodi umemaliza? Bado. Ile ά ina kodi mbili, 03AC na 1F71, zinazofanana kwa macho. Ῥάπτα inaweza kuwa kodi tano zilizounganika, au saba, herufi na alama mbalimbali. Programu inayolinganisha kodi kwa kodi itakwambia neno halimo, nawe unalitazama. Chagua umbo moja kwa hati nzima, nami ningechagua lile lililounganika, NFC, ambalo huigeuza 1F71 kuwa 03AC.

Kisha kagua. Tafuta kodi yoyote ya F0 iliyobaki na herufi yoyote ya Kilatini iliyojificha ndani ya neno la Kigiriki. Unaweza kuirudisha hati kwenye mfumo wa zamani uilinganishe na ya asili, lakini kosa lililomo kwenye jedwali lenyewe litakwenda na kurudi bila kuonekana. Hilo hukamatwa na mtu anayesoma neno kwa neno, toleo lililochapishwa likiwa wazi mbele yake.