Morisko: jina la ukoo, la dini au la kazi?

Morisko ni jina walilobandikwa Waislamu wa Hispania waliobatizwa, wengi kwa kulazimishwa, pamoja na watoto na wajukuu wao. Kabla ya ubatizo mtu huyohuyo aliitwa mudehari, yaani Mwislamu aliyebaki chini ya mfalme Mkristo kwa ruhusa ya kushika dini yake. Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu huko Hispania, ilisalimu amri Januari 1492 kwa ahadi kwamba dini haitaguswa. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka kumi. Mwaka 1502 Waislamu wa ufalme wa Castilla waliambiwa wabatizwe au wahame, na ilipofika 1526 zamu ya falme jirani za Valencia na Aragón ilikuwa imeshafika.

Kwenye daftari la kanisa, basi, Morisko alikuwa Mkristo kama jirani yake. Mtaani walimtambua kwa mambo mengine, na kazi ilikuwa mojawapo. Huko Granada wengi walifuga viwavi wa hariri na kusokota nyuzi zake. Valencia walilima mashamba ya kumwagilia, mpunga, na miwa upande wa Gandía. Kwingineko walikuwa waashi, wafinyanzi na wachukuzi wa mizigo kwa nyumbu. Kihispania chenyewe kinakumbuka Waarabu waliotangulia: mwashi ni albañil, neno la Kiarabu, sukari ni azúcar, zeituni ni aceituna. Na alcalde, meya wao wa leo, ni kadhi wetu aliyebadili kanzu.

Isidhaniwe kwamba ufundi huo ulikuwa kwenye damu. Baba alimrithisha mwana, ndiyo, lakini kulikuwa pia na milango iliyofungwa. Sheria za “usafi wa damu”, yaani za kuwazuia wenye asili ya Kiyahudi au Kiislamu, zilizoanzia mji wa Toledo mwaka 1449 dhidi ya Wayahudi waliobatizwa, zilienea hadi kwenye vyeo, vyuo na baadhi ya vyama vya mafundi. Makabaila wa Valencia, kwa upande wao, walimtaka Morisko palepale shambani, kwa kuwa alilipa kodi nzito. Msemo wao ulikuwa mfupi: mwenye Mmoro (yaani Mwislamu) ana dhahabu.

Ndiyo maana mfalme Felipe III alipoamua kuwafukuza Wamorisko mwaka 1609, makabaila hao walilalamika. Amri yenyewe ina kifungu cha ajabu: katika kila kaya 100, kaya 6 ziruhusiwe kubaki ili vinu vya miwa, mpunga na mifereji visiharibike. Yaani mtu hatakiwi, ila mikono yake inatakiwa. Hadi 1614 watu wapatao 300,000 walikuwa wameondolewa.

Wengi walivukia Afrika Kaskazini. Tunis waliistawisha kazi ya kutengeneza shashia, kofia nyekundu ya sufu iliyo ndugu wa tarbushi, na mafundi wa mji huo wanaifanya mpaka leo.