Je, wajua kwa nini kilomita 5,000 za anga zinaweza kugeuka 13,000?

Fairbanks iko Alaska, Tromsø iko Norwei. Yote ni miji ya kaskazini ya mbali, na kila mmoja una kiwanja chake cha ndege. Ukipima umbali kati ya viwanja hivyo kwa kikokotoo cha intaneti, utapata takriban kilomita 5,000, sawa na saa sita hivi angani. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini abiria wa kawaida hawezi kuisafiri.

Kikokotoo hupima mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mstari huo haufanani na ule tunaouchora kwa rula kwenye ramani bapa. Vuta uzi kati ya miji hii juu ya tufe la dunia: utapanda kaskazini na kupita kilomita 300 tu hivi kutoka Ncha ya Kaskazini. Ukifuata rula kuelekea mashariki juu ya Kanada na Greenland, unaongeza zaidi ya kilomita 2,000.

Muda nao ni makadirio. Vikokotoo vingi hugawanya umbali kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 hadi 900 kwa saa, kisha huongeza dakika kadhaa za kupaa na kutua. Ndege za panga boi, ambazo ndizo hutumika sana kwenye viwanja vidogo, huenda kama kilomita 500 tu kwa saa.

Halafu kuna upepo. Kwenye kimo zinakoruka jeti, mikondo ya upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndiyo sababu New York hadi London ni saa saba hivi, ilhali kurudi ni karibu nane. Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways iliyosukumwa na upepo wa dhoruba ilimaliza safari hiyo kwa saa 4 na dakika 56. Wengi hudhani sababu ni dunia kujizungusha. Sivyo, kwani hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Kinachorefusha safari kuliko yote, hata hivyo, ni uchache wa abiria. Shirika haliwezi kupeleka jeti kila siku kati ya miji midogo miwili iliyo mbali hivi, kwa hiyo wasafiri hukusanywa kwenye viwanja vikubwa. Wa Fairbanks anaweza kushuka kusini hadi Seattle, avuke hadi Frankfurt, kisha apande tena kaskazini hadi Tromsø. Jumlisha vipande hivyo vitatu: karibu kilomita 13,000, na saa kama 17 za kuruka, kabla hujahesabu kusubiri ndege ya kuunganisha.

Tahadhari moja unaposoma tiketi: saa zilizoandikwa ni za mahali husika, na Tromsø iko mbele ya Fairbanks kwa saa 10. Hata kama ndege ya moja kwa moja ingekuwepo, ikaondoka saa 2 asubuhi na kuruka saa sita tu, ingetua Tromsø saa 6 usiku.