Uchaguzi wa Afrika Kusini wa 2024: tunavyousimulia na ulivyokuwa

"Ramaphosa alipata asilimia 40, akapewa urais."

Kauli hii nimeisikia hata kwa watu wanaofuatilia siasa asubuhi na jioni, na najua inakotoka. Kenya na Tanzania tumezoea kumpigia rais kura yake mwenyewe. Lakini tarehe 29 Mei 2024 hakuna raia wa Afrika Kusini aliyepiga kura ya urais. Walichagua wabunge 400 wa Bunge la Taifa pamoja na mabunge ya majimbo tisa. Asilimia 40.18 ilikuwa ya chama cha Ramaphosa, ANC, nayo ikazaa viti 159.

Rais alipatikana Juni 14. Jengo la Bunge mjini Cape Town lilikuwa limeungua Januari 2022, kwa hiyo wabunge wakakutanika katika kituo cha mikutano cha jiji hilo. Wakaapishwa kwa makundi, wakamchagua Spika, Thoko Didiza, wakamchagua naibu wake, kisha ikafika zamu ya rais. Mbunge anaitwa jina, anachukua karatasi, anaingia kibandani, anatumbukiza kura sandukuni, anaitwa mwingine. Kikao kilianza asubuhi, kikamalizika usiku. Cyril Ramaphosa kura 283, Julius Malema wa chama cha EFF 44. Kura ya urais ndiyo hiyo, na waliopiga walikuwa wabunge peke yao.

Ukishalielewa hilo, suala la Jacob Zuma, rais wa zamani, nalo linakuwa jepesi. Wengi walidhani picha yake kwenye karatasi ya kura ilimaanisha angeweza kurudi Ikulu. Rais huchaguliwa miongoni mwa wabunge, na siku tisa kabla ya uchaguzi Mahakama ya Katiba ilikuwa imeamua kwamba Zuma hana sifa ya kuwa mbunge, kwa sababu ya kifungo cha miezi 15 alichohukumiwa mwaka 2021. Chama chake, MK, kilibaki kwenye karatasi na kikapata viti 58. Yeye hakuweza kukalia hata kimoja.

"ANC ndiyo iliyoongoza, basi ingetawala peke yake."

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hesabu ilipo. Kuongoza kwa kura si kuwa na wingi wa Bunge. Katika nyumba ya watu 400, anayetaka bajeti ipite bila wasiwasi na asing'olewe kwa kura ya kutokuwa na imani anahitaji wabunge 201. Mwaka 2019 ANC ilikuwa na 230. Safari hii ilipungukiwa 42.

Sasa chukua kalamu. ANC na EFF ya Malema, yenye viti 39: jumla 198. Pungufu ya watatu! Wanaosema vyama hivyo viwili vingetosha hawajajumlisha. ANC na MK ni 217, inatosha, lakini MK ilikuwa ikidai kura zimeibwa na haikumtaka Ramaphosa. ANC na chama cha DA, chenye viti 87, ni 246. Nayo Katiba inataka Bunge likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa, na yalitangazwa Juni 2. Waliopigana vikumbo jukwaani Mei wakawa na chini ya wiki mbili za kukaa meza moja. Makubaliano ya ANC, DA na vyama vingine yalifikiwa siku ileile ya kumchagua rais.

"Ni serikali ya nusu mkate, kama ya Kenya 2008."

Naielewa hamu ya kulinganisha, ila naona tunakosea. Ile ya Kenya ilizaliwa na mgogoro wa kura za urais, damu ikamwagika, wapatanishi wakaja. Hii ilizaliwa na upungufu wa viti. Wala si sawa na serikali ya Mandela ya 1994, ingawa jina ni moja, serikali ya umoja wa kitaifa. Wakati ule Katiba ya mpito ndiyo iliyokipa haki ya mawaziri kila chama chenye viti 20 kilichotaka kushiriki. Mwaka 2024 hakukuwa na sheria ya namna hiyo. Ni mapatano ya hiari, na anayechoka anaweza kuondoka.

"Basi upinzani umekufa."

La. MK ndiyo ikawa kambi rasmi ya upinzani, na EFF ilikataa kuingia. Zaidi ya hapo, upinzani ulijitokeza ndani ya serikali yenyewe. Bajeti ya 2025 ilipopendekeza kodi ya ongezeko la thamani ipande kutoka asilimia 15 hadi 15.5, DA, yenye mawaziri wake mezani pa Ramaphosa, ilisimama Aprili 2 na kupiga kura ya hapana. Mfumo wa bajeti, yaani makadirio ya jumla ya mapato na matumizi, ulipita kwa kura 194 dhidi ya 182, na ANC ililazimika kuokolewa na vyama vidogo ambavyo havimo serikalini, ActionSA kikiwamo. DA ikaenda mahakamani. Kabla Aprili haijaisha Hazina ikatangaza kuliondoa ongezeko hilo, na Mei Mosi, siku ambayo lingeanza, mwananchi aliyeingia dukani akalipa asilimia 15 ileile.