Mtumishi wa Mungu si Mwenyeheri: Mwalimu Nyerere yuko hatua gani?

Tarehe 14 Oktoba, kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu, ikikaribia, mambo haya hurudi kila mwaka. Msoma matangazo anasimama baada ya Komunyo na kumtaja "Mwenyeheri Julius Nyerere". Kwenye kundi la WhatsApp la parokia mtu anarusha picha ya Mwalimu iliyowekewa duara la mwanga kichwani, na chini yake "Mtakatifu Julius, utuombee". Kuna na jumuiya ambako kiongozi wa sala, akiwa katikati ya Litania ya Watakatifu, anamchomeka Mwalimu mara tu baada ya Karoli Lwanga, na watu wote wanaitikia "utuombee" bila kusita. Nia ni njema kabisa. Lakini wanaofanya hivyo ndio wale wale wanaouliza kwa uchungu mbona Roma inachelewa kumtangaza Mtakatifu, na ni wachache wanaojua kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

Maana yenyewe ni fupi. Katika sheria ya Kanisa, Mtumishi wa Mungu ni Mkatoliki aliyefariki ambaye kesi ya kumtangaza Mwenyeheri imeshafunguliwa. Basi. Jina hilo linatuambia kuwa faili lipo na watu wanalifanyia kazi. Halituambii faili limeonyesha nini. (Wenzetu wa makanisa mengine humwita mhubiri yeyote aliye hai "mtumishi wa Mungu", nao wana haki yao, ila hapa tunazungumzia jambo jingine.) Baada ya hapo Papa anaweza kuidhinisha tamko kwamba marehemu aliishi fadhila za kishujaa. Kisha, muujiza mmoja ukithibitishwa, anatangazwa Mwenyeheri. Na muujiza mwingine uliotokea baada ya hapo ndio unaomfikisha kwenye utakatifu. Mfiadini anaruka muujiza wa kwanza, kwa kuwa damu yake imeshasema.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Kanuni inataka ipite miaka mitano tangu kifo kabla kesi haijafunguliwa, na inataka kesi ishikwe na askofu wa mahali marehemu alipofia. Kuihamishia kwingine ni mpaka Roma iridhie. Kesi yake iko mikononi mwa Jimbo la Musoma, jimbo la nyumbani kwao Butiama, na ilifunguliwa mwaka 2005. Tangu hapo ni Mtumishi wa Mungu, na hadi leo yuko hapo hapo.

Sasa tuje kwenye linalonikera. Watu wengi hudhani tofauti ya majina haya ni kama ya vyeo vya jeshini, kwamba ukimwita luteni "kapteni" umemheshimu tu zaidi kidogo ya anavyostahili na hakuna aliyeumia. Sivyo. Tofauti kati ya Mtumishi wa Mungu na Mwenyeheri ni kile ambacho Kanisa linaruhusu kifanyike hadharani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1187, inasema heshima ya ibada ya hadhara wanapewa wale tu walioandikwa na mamlaka ya Kanisa katika orodha ya Watakatifu au Wenyeheri. Mwenyeheri anapewa heshima hiyo kwa mipaka: jimboni kwake, nchini kwake, katika shirika lake. Mtakatifu anapewa ulimwenguni kote. Mtumishi wa Mungu hapewi kabisa. Hana sikukuu, hana nafasi katika litania, picha yake haiwekwi altareni, na hachorwi na mng'ao kichwani. Misa inayoadhimishwa siku ya kifo chake ni Misa ya kumwombea yeye, kama marehemu mwingine yeyote.

Chanzo cha ukali huu ni cha zamani. Karne nyingi watakatifu walitokana na sauti ya watu: mtu mwema anafariki, kaburi lake linajaa mishumaa, askofu anabariki jambo lililokwisha kutendeka. Mtu wa kwanza tunayemjua kutangazwa Mtakatifu rasmi na Papa ni Askofu Ulrich wa Augsburg, mwaka 993. Mwaka 1234 sheria ikaweka wazi kuwa kazi hiyo ni ya Papa peke yake. Makaburi lakini hayakuacha kujaa mishumaa. Ndipo Papa Urbano VIII, mwaka 1625 na tena 1634, alipopiga marufuku ibada ya hadhara kwa yeyote ambaye Roma haijamtamka, na akaongeza kipengele ambacho waamini wetu wangekijua wangeshtuka: kesi haiendi mbele mpaka ithibitishwe kwamba marehemu hajapewa ibada hiyo.

Kipengele hicho kipo mpaka leo, na kinatekelezwa kwa miguu. Askofu au mjumbe wake, pamoja na mwandishi wa baraza la kesi, wanakwenda kukagua kaburi, chumba alichofia marehemu na mahali pengine panapoweza kuwa na dalili. Wanaangalia kama kuna altare iliyojengwa kwa heshima yake, kama kuna sanamu au picha yenye mng'ao, kama ukutani kumetundikwa vibao vya "asante kwa neema niliyopata". Kisha inaandikwa hati kwamba hakuna ibada isiyo halali. Maua hayana shida. Kusali kimya kaburini hakuna shida. Lakini ile picha ya WhatsApp, ikichapishwa kuwa bango na kutundikwa kanisani, hiyo ni dalili ya kitu kile kile wakaguzi wanachokitafuta.

Je, tusimwombe kabisa? Unaweza, faraghani. Wewe mwenyewe, au na familia yako, unaruhusiwa kumwomba Mungu kwa maombezi ya Mtumishi wake. Bila hivyo muujiza utatoka wapi? Ndiyo maana kadi za sala zenye kibali cha askofu hutungwa kwa uangalifu: anayesemeshwa ni Mungu, anaombwa amtukuze mtumishi wake na kutujalia neema fulani kwa maombezi yake. Vilevile tunaruhusiwa kuiombea kesi yenyewe hata hadharani, kama wafanyavyo mahujaji wa Tanzania na wenyeji wao wa Uganda kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo mwanzoni mwa Juni. Hapo anayeombwa ni Mungu, na kinachoombwa ni kwamba ukweli juu ya Mwalimu ujulikane.

Ukitaka kuona tofauti hii kwa macho, tazama jirani. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Aliuawa Julai 2007 kwa kukataa rushwa ili aachie chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenyeheri jijini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa bado Mtumishi wa Mungu. Ilipofika jioni, Goma walikuwa na haki ya kuadhimisha Misa kwa heshima yake. Hata hivyo si Mtakatifu, kama vile Sista Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa Mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985, asivyo Mtakatifu bado. Mashahidi wa Uganda nao walikaa miaka 44 wakiwa Wenyeheri, tangu 1920 mpaka Papa Paulo VI alipowatangaza Watakatifu Oktoba 1964.

Kuna na wale wanaosema Kanisa "linataka kuubariki Ujamaa". Hawa nao nawajibu kwa kifupi: kesi haipigi kura juu ya Azimio la Arusha. Inauliza kama mtu huyu, akiwa mume, baba na rais, aliishi imani, matumaini na mapendo, pamoja na busara, haki, nguvu na kiasi, kuliko kawaida na kwa kudumu. Maamuzi yake ya kisiasa yatapimwa humo, likiwemo lile la kuhamishia watu vijijini, kwa kuwa haki na busara huonekana katika maamuzi. Na kwa upande wa maandiko, wanateolojia wana kazi: kila alichochapisha lazima kisomwe, na Mwalimu hakuwa mtu wa kalamu nyepesi. Hotuba, vitabu, Shakespeare aliyemtafsiri, Injili alizozitungia tenzi, vyote vinaingia kwenye makabrasha. Anayeuliza kwa nini inachukua muda, aanze kwa kuhesabu kurasa.

Basi msoma matangazo akikosea tena Oktoba hii, usimsahihishe mbele ya watu. Msubiri nje baada ya Misa, umwambie taratibu kwamba "Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere" linatosha, na kwamba litania ina watakatifu wa kutosha. Na kama wewe au mtu wa kwenu mliponywa baada ya kumwomba Mungu kwa maombezi yake, msiishie kutoa ushuhuda jumuiyani. Andikeni, pelekeni Musoma kupitia kwa paroko wenu, mkiambatanisha vipimo vya hospitali vya kabla na baada. Katika barua semeni pia ni nani mwingine mliyemwita siku hizo. Ukimwita Mwalimu, Antoni wa Padua na Rita wa Kashia kwa pamoja, madaktari hawatajali, lakini wanateolojia watashindwa kujua ni nani kati ya watatu hao wa kumwandikia muujiza huo.