Ukishuka kisiwani angalia unapokanyaga

Watu wengi wakipanga kwenda vile visiwa vidogo vya mchanga, virefu vyembamba vinavyolala sambamba na pwani na kuikinga na mawimbi, maswali yao yote ni ya bahari, samaki wako wapi, maji yana kina gani, kuna papa? Karibu hakuna anayeuliza kuhusu ule mchanga ulioinuka nyuma ya ufukwe, na sisi tunaofanya kazi ya uhifadhi hapo ndo tunapopaogopea zaidi.

Kisiwa cha aina hii ni mchanga tu, umeletwa na mawimbi na upepo afu ukanaswa na mimea. Chuchumaa karibu na ule mmea unaotambaa, wenye maua ya zambarau na jani lililogawanyika kama kwato ya mbuzi, uangalie vizuri: kila penye fundo umeshusha mizizi. Upepo ukija na mchanga unagonga majani, mchanga unadondoka hapohapo, ukiufunika mmea nao unachomoza tena juu yake, na hivo ndo tuta linavyopanda. Sasa watu wakikatisha palepale kila siku wakifuata kivuli, mimea inakufa, panabaki pengo, upepo unalichimba, na siku ya dhoruba maji yanapita hapo. Visiwa hivi kuhama ni kawaida yake, dhoruba inakomba mchanga upande wa mawimbi na kuutupa upande wa ndani kwenye maji tulivu, kwa hiyo si kila badiliko ni hasara, ila pengo la miguu yetu linakuja haraka kuliko mimea inavyoweza kuziba. Tafadhali fuata njia iliyowekwa hata kama inazunguka.

Maji beba ya kwako. Mvua ikinyesha huzama mchangani na yale maji yasiyo na chumvi yanaelea juu ya maji chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, lakini kisiwa kikiwa kidogo tabaka hilo ni jembamba sana, ukivuta mengi chumvi inapanda, na sabuni au choo vikimwagwa ovyo vinashuka mpaka humo humo.

Kama ni msimu wa kasa nakuomba sana uzingatie hili. Jike hupanda usiku, hufukia mayai kama 100 hivi na kurudi baharini, na baada ya miezi 2 hivi watoto hutoka, wengi wao gizani, wakifuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Tochi yako au taa ya simu inawapeleka nchi kavu. Mtoto wa kasa ana sentimita 5 tu, kwake alama ya kisigino ni shimo na lile handaki watoto wenu walilochimba mchana ndo kaburi kabisa, kwa hiyo kabla ya kuondoka fukieni mashimo yote, sawazisheni mchanga.

Kuogelea, kaa mbali na mlango ulio kati ya kisiwa na kisiwa. Maji yakianza kupwa, maji yote ya upande wa ndani yanakimbilia kutokea hapo, na siku za bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida mwezi ukiwa mchanga au mpevu, hata muogeleaji mzuri hawezi kushindana nayo. Muulize mwenye boti saa za kupwa kabla hamjaondoka. Upande wa mawimbi ukivutwa kuelekea nje usipambane kurudi moja kwa moja, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo.

Na makombe ya baharini, ukiokota moja liweke kiganjani na utulie kama dakika moja hivi, mara nyingi utaona vidole vyekundu vinachungulia taratibu, ni kaa asiye na gamba lake mwenyewe anayehamia kubwa zaidi kila akikua, basi lirudishe ulipolitoa, na lile lililo tupu liache pia maana kuna mwingine analitafuta.