Nani amemvalisha nguo leo? Kumwelewa mtoto mwenye ulemavu wa akili

Wazazi wanaoleta mtoto kitengoni kwetu kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili: atapona lini, na akili yake imefikia kiwango gani. Mimi huanza kwa maswali mengine. Asubuhi hii nani amemvalisha? Akibanwa na haja anasema, anaonyesha kwa ishara, au mnagundua akishalowa? Akitumwa chumvi jikoni anarudi nayo? Nafundisha elimu maalumu katika shule ya msingi ya serikali, na sijaona kipimo kinachonieleza mtoto vizuri kuliko majibu ya maswali hayo.

Ulemavu wa akili hutambuliwa mambo matatu yakikutana. Uwezo wa mtoto wa kujifunza na kufikiri uko chini sana kuliko wa rika lake. Upungufu huo unaonekana katika maisha yenyewe: kula, kuvaa, kuzungumza na watu, kutumia hela, kujihadhari na moto au barabara. Na hali hiyo imeanza utotoni, ubongo ukiwa bado unakua. Jambo la pili ndilo linalosahaulika, hata na baadhi yetu wataalamu. Ugonjwa wa akili ni kitu kingine, unaweza kumpata mtu yeyote na una dawa zake. Mtindio wa ubongo hugusa zaidi misuli na mwendo. Wapo watoto wenye mtindio wasioweza kushika kalamu ila wanaelewa kila neno linalosemwa juu yao. Usonji (autism), unaogusa zaidi mawasiliano na uhusiano na watu, nao una dalili zake, ingawa mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zaidi ya moja.

Alama za mtihani wa akili zina kazi yake. Wastani ni 100, na mtoto anayepata karibu 70 au chini ya hapo anahitaji kuchunguzwa zaidi. Lakini tukumbuke chimbuko lake. Mwaka 1905 jijini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga mtihani ili kuwatambua wanafunzi wanaohitaji msaada wa ziada, na Binet mwenyewe alipinga wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Mtihani uliotungwa kwa watoto wa Ulaya, ukitafsiriwa harakaharaka na kupewa mtoto wa Mpwapwa anayezungumza Kigogo nyumbani, unapima lugha na mazingira kabla ya kuigusa akili. Toka mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, unaotumika nchi nyingi, hupanga uzito wa ulemavu huu kwa kuangalia mtoto anahitaji msaada kiasi gani katika maisha ya kila siku. Zile alama hazitoshi tena.

Wengi wa watoto hawa, kama 85 katika kila 100, wana ulemavu wa kiwango kidogo. Sura haionyeshi chochote. Walitembea kwa kuchelewa kidogo, wakaongea kwa kuchelewa kidogo, kisha wakafika darasa la kwanza na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ikawashinda. Hao ndio wanaoitwa wavivu, ndio wanaochapwa, na inaniuma kwa sababu wakifundishwa polepole wengi hujifunza kusoma, na ukubwani hufanya kazi na kujitegemea.

Kabla hujakubali kwamba mwanao ana ulemavu wa akili, apimwe masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri haongei, hafuati maagizo, hukaa kimya nyuma ya darasa, na mwalimu huamua haraka kwamba haelewi. Mwenye kifafa kisichotibiwa naye anaweza kuonekana mzito wa kuelewa kwa sababu kila siku anapotewa na fahamu kwa sekunde chache mara nyingi, pasipo mtu kutambua. Na akipoteza kitu alichokwisha kukijua, alikuwa anasema maneno sasa hasemi, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke hospitali.

Kuhusu chanzo, namwambia mama kwanza, kwa sababu lawama humwangukia yeye: hukufanya kosa. Mtoto mwenye hali iitwayo Down ana kromosomu (kifungu cha vinasaba ndani ya seli) ya 21 ya ziada, na karibu kila mara hilo hutokea kwa bahati tu wakati yai au mbegu inapotengenezwa. Sababu nyingine ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa madini joto kwa mjamzito, na pombe wakati wa ujauzito. Umanjano mkali wa mtoto mchanga unaweza kuharibu ubongo, na kumwanika juani hakutoshi. Akiwa wa njano hadi nyayoni na hataki kunyonya, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Kwa watoto wengi chanzo hakijulikani kamwe, na familia zinazotumia miaka na mali kwa waganga kutafuta mkono wa mtu zinaupoteza ule muda ambao mtoto angekuwa anajifunza.

Anajifunzaje? Chukua kuvaa kaptula. Kwetu ni tendo moja, kwake ni matendo sita au saba yaliyofungwa pamoja: kuishika, kutambua mbele, kukaa, kuingiza mguu huu, kuingiza ule, kusimama, kuivuta hadi kiunoni. Tunaanzia mwisho. Unamvalisha wewe mpaka magotini, unamwachia kuivuta tu, na akimaliza unamsifu kwa furaha ya kweli. Akilizoea hilo, unamwachia kutoka kwenye vifundo vya miguu. Kisha mguu mmoja. Kwa namna hii kila siku anamaliza kazi kwa mikono yake mwenyewe. Ukianzia mwanzo, mtoto anakwama hatua ya pili, analia, na wewe unamvalisha kwa sababu gari la shule limefika. Nyumba nzima itumie maneno yaleyale. Bibi akisema "vuta", dada akisema "pandisha" na baba akisema "malizia hiyo", mtoto amepewa masomo matatu.

Kinachomrudisha nyuma zaidi ni huruma. Nimepokea watoto wa miaka kumi wanaolishwa kwa kijiko, na mikono yao ni mizima. Nyumbani walipendwa sana, ila hakuna aliyewangoja dakika ishirini wamwage uji, wajipake, na kesho wamwage kidogo kuliko jana.

Jambo moja hatulisemi vya kutosha: mwili wake utabalehe kwa wakati kama wa wenzake. Binti afundishwe hedhi kabla haijaanza, kwa kumwonyesha pedi na kuirudia hatua kwa hatua. Wote wafundishwe majina ya sehemu za siri, nani anaruhusiwa kumsaidia kuoga, na kusema hapana kwa sauti. Watoto wenye ulemavu wa akili hudhulumiwa kingono zaidi ya wenzao, mara nyingi na mtu wanayemfahamu, na mtoto aliyezoeshwa kumtii kila mkubwa hana namna ya kukataa.

Ukija kumwandikisha au kumpima, njoo na kadi ya kliniki na daftari. Wiki moja kabla, andika kila siku alichofanya mwenyewe, alichofanya kwa kusaidiwa, na kilichomshinda kabisa. Andika pia anachokipenda, iwe maji, muziki au kuku wa nyumbani, maana masomo yake ya kwanza tutayaanzia hapo.