Kusoma Uislamu Ulaya hakumfanyi mtu sheikh

Juzi mzazi mwingine kanipigia simu. Mwanawe kamaliza shahada ya masomo ya Kiislamu Ujerumani, karudi, kaulizwa msikitini suala la mirathi, kajibu hajui. "Ustadhi, miaka yote ile walimfundisha nini?" Swali hili limenichosha, maana anayeumia ni kijana.

Anayesoma Sharia Chuo cha Azhar, Misri, hupitishwa fiqhi, usuli (misingi ya kutoa hukumu), hadithi na tafsiri ili aje atoe hukumu. Madina ni vivyo hivyo. Ankara, kitivo cha ilahiyati (elimu ya dini) kilichofunguliwa 1949 huchanganya elimu hizo na falsafa na sosholojia ya dini.

Ujerumani wana mambo mawili. La zamani ni Islamwissenschaft, lililotokana na elimu ya lugha na miswada: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, historia. Mhadhiri haulizwi dini yake. La pili ni theolojia ya Kiislamu, iliyoanzishwa baada ya mapendekezo ya Baraza la Sayansi la Ujerumani ya 2010 katika vyuo kama Tübingen, Münster na Osnabrück. Huko huandaliwa walimu wa dini, na Waislamu wenyewe hushirikishwa katika kuwakubali maprofesa, kwa kuwa serikali isiyo na dini haiwezi kuamua imani sahihi ni ipi. Kijana wetu alisoma lile la kwanza.

Chukua hadithi moja. Muhaddithi, yaani mtaalamu wa hadithi, huwapima wapokezi apate kujua kama inafaa kutolea hoja. Mwanahistoria huuliza ilianza kuenea lini, na kwa mkono wa nani. Mwaka 1950 mtafiti wa sheria za Kiislamu Joseph Schacht alidai kwamba isnadi (minyororo ya wapokezi) nyingi za hadithi za sheria zilitungwa baadaye. Baadaye mtafiti Harald Motzki akarudi kwa mkusanyaji wa hadithi Abdul-Razzaq as-San'ani, akachambua mapokezi ya mwanazuoni Ata bin Abi Rabah wa Makka, akaonyesha kwamba mengi yanafika karne ya kwanza ya Hijra.

Hapa mimi mwenyewe nayumba. Nilifundishwa kwamba njia hizi mbili hazikutani, nami nimewafundisha wengine hivyo. Lakini Motzki anapolinganisha matini (maneno ya hadithi) na isnadi, njia kwa njia, namwona muhaddithi akikusanya turuki zake, yaani njia zote za mapokezi. Mpaka niliouchora ubaoni miaka mingi sina hakika nao tena.

Nikaomba nizungumze na kijana. Tasnifu yake ilihusu madaftari ya mirathi ya makadhi wa Kiosmani. Anayasoma mwandiko kwa mwandiko. Mirathi ya jirani yenu mpelekeeni kadhi. Mkiwa na nyaraka za babu sandukuni, mwiteni yeye kabla mchwa hawajazimaliza.